Darasa la Saba Kwenye Banda la Sangara

Ninyi walimu vijana mnaokwenda kuripoti vijijini mwaka huu, najua swali lenu la kwanza. Mnauliza kama kuna umeme na kama simu inashika. Mjukuu wangu aliyepangiwa shule moja huko mbele ya Kigongo aliniuliza hivyohivyo wiki iliyopita, hapa Mkolani, akiwa amekaa kwenye kiti changu anakula karanga zangu. Nikamwambia, uliza kwanza mwalimu mkuu wako ni nani. Mambo mengine yote utayazoea.

Mimi nilibahatika. Nilipopelekwa Shule ya Msingi Kabusuli, kijiji cha ufuoni, mwalimu mkuu alikuwa Mzee Lubinza. Alikuwa mrefu, mkimya, na suruali yake ya kaki ilipigwa pasi ya mkaa kila asubuhi hata kama anakwenda kufyeka majani. Mimi nilitoka Bukoba, bado msichana, na nilijivunia mwandiko wangu. Chuoni walikuwa wananiita kuandika matangazo. Siku ya kwanza nikaujaza ubao mzima herufi ndogondogo nzuri, kama nakshi za kitambaa cha meza. Mzee Lubinza akaingia, akaenda kukaa dawati la mwisho kabisa, magoti yakimfika kidevuni. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu Koku," akasema, "hiyo ni barua ya siri?"

Watoto hawakucheka, kwa kuwa hawakuthubutu. Nilicheka mimi. Tangu siku hiyo, kila darasa nililopewa nilianza kwa kukaa dawati la nyuma na kuutazama ubao wangu mwenyewe. Fanyeni hivyo. Mtashangaa ni mangapi hamjawahi kuwafundisha watoto wa nyuma.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupaka ubao rangi upya kwa mkaa uliosagwa na maji ya majani ya mihogo, na kukusanya vizibo vya soda kwa ajili ya kuhesabia darasa la kwanza. Aliniambia pia nisimpige mtoto anayesema "karamu" badala ya kalamu, maana nyumbani kwao, katika Kisukuma, r na l hazitenganishwi. Nilihangaika sana na hilo. Mtoto anasimama, analia, "Mwalimu, nimeibiwa karamu!" Karamu nzima, jamani, na wali wake na nyama yake! Dawa niliipata ufuoni. Miaka ile boti za injini zilikuwa zimeanza kujaa. Nikawaambia watoto, "R ni boti ya injini. L ni mtumbwi wa kasia." Darasa zima likanguruma rrrrr mpaka Mzee Lubinza akatoka ofisini kuangalia nani amekuja. Waliipata. Wengine waliipata kupita kiasi, wakawa wanakwenda "shureni", lakini hiyo ni kazi ya darasa la pili.

Sasa niwaeleze hizo injini zilitoka wapi, maana ndizo zilizotuletea balaa na ndizo zilizotuokoa.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa. Mwanza mjini viwanda vya minofu vilikuwa vinataka sangara, na kila mwalo wa kushushia samaki uliokuwa na mitumbwi mitatu ukawa na mitumbwi ya kujaza ufuo. Malori ya barafu yakaanza kufika Kabusuli. Kijiji ambacho zamani mtu alivua ale na jirani yake, sasa kilikuwa na vibanda vya kuuza betri, fulana za mitumba, chapati na muziki wa kaseti. Sikatai, kulichangamka. Hata sisi walimu tulipata sukari bila kupanga foleni. Lakini darasa la saba langu likaanza kupungua. Leo hayupo huyu, kesho hayupo yule. Ukiuliza, unajibiwa, "Yuko mwaloni, mwalimu, anabeba samaki," au, "Anamsaidia mama yake kukaanga." Na serikali nayo ilikuwa imeanza kusema wazazi wachangie shule, jambo ambalo wazee hawakulielewa. Walizoea shule ni ya serikali kama barabara ilivyo ya serikali.

Katikati ya hali hiyo, paa likaruka.

Ilikuwa Jumapili mchana, tukiwa kanisani. Upepo ulikuja kutoka ziwani na mvua nyuma yake, tukasikia mlio kama mtu anachana shuka kubwa. Tulipotoka, madarasa mawili yalikuwa yamebaki kuta tupu, na mabati yametawanyika kwenye shamba la mihogo, mengine yamejikunja kama chapati. Hakuumia mtu. Mzee Lubinza alisimama katikati ya darasa la saba, mvua ikimnyeshea, akitazama juu. Sikuwa nimewahi kuiona suruali ile imelowa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa upepo.

Wilayani walitupa pole, na pole ilikuwa ya kweli. Lakini fungu la mabati hawakuwa nalo. Wakashauri madarasa ya chini yasomee kanisani, na darasa la saba lihamie shule ya ng'ambo ya ghuba, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa miezi michache mbele. Mimi na Mzee Lubinza tulitazamana. Tulijua njia ya kwenda shule hiyo inapita mwaloni, na tulijua wangapi wangefika upande wa pili.

Kijiji kikaitisha mkutano. Wanaume walibishana mpaka jua likapoa. Mafundi wa mitumbwi wakasema paa ni la serikali. Wavuvi wakasema wenye watoto ndio wachange. Wenye watoto wakasema wavuvi ndio wenye fedha siku hizi. Tukarudi nyumbani bila paa wala mpango.

Aliyeniuma zaidi alikuwa Kabula. Huyu alikuwa binti mmoja mkimya, kichwa chake chepesi kwa hesabu kuliko wote niliowafundisha. Mama yake, Mama Kabula, alikuwa na jiko kubwa pale mwaloni, akikaanga samaki waliokataliwa na wakala wa viwanda vya mjini kwa udogo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti. Akikuita kutoka jikoni kwake, aliye kwenye mtumbwi anageuka. Nikamwendea.

"Mama Kabula, sijamwona mtoto."

"Utamwonaje, mwalimu? Shule imeruka. Na mtoto nimrushe?"

"Tutapata mahali."

"Mkipata, mniite. Kwa sasa ageuze samaki."

Kabula alikuwa nyuma yake na mwiko mkononi. Hakuniangalia. Niliondoka pale nikiwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonipeleka nilikokwenda.

Pembeni ya jiko la Mama Kabula kulikuwa na banda la wakala huyo wa samaki. Lilikuwa na paa zima la bati jipya, sakafu ya saruji, ukuta wa mbao na mizani kubwa katikati. Mwenyewe aliitwa Bwana Nizar. Ukoo wake wa Kihindi ulikuwa umefanya biashara ya pamba kandokando ya ziwa tangu enzi za babu zake, sasa yeye ameingia kwenye sangara. Alikuwa mnene, mpole, amevaa gambuti. Nilifika nikiwa nimepanga maneno yangu. Akanitangulia:

"Mwangaluka, mwalimu!"

Mhaya mimi, nilikuwa bado najikanyaga kwenye salamu za Kisukuma. Nikajibu ovyo, wabebaji wakaangua kicheko, na yeye akanisahihisha taratibu kama mwanafunzi. Alizaliwa Magu, akaniambia, na yaya wake ndiye aliyemfundisha kusema kabla ya mama yake.

Nikamweleza shida yangu. Samaki hupokelewa alfajiri, kabla ya adhuhuri lori linaondoka na barafu yake. Mchana banda linabaki na nzi tu. Je, darasa la saba lisomee humo mchana?

Alijikuna kichwa. "Harufu je?"

"Harufu tunaishi nayo, Bwana Nizar."

"Na sakafu?"

"Wataiosha wenyewe kabla na baada."

"Sawa." Halafu akainua kidole. "Lakini chaki hapana. Vumbi la chaki likiingia kwenye kreti, wakifungua kiwandani wakaona unga mweupe juu ya samaki, mimi nitasema nini? Nitasema ni somo la jiografia?"

Nilirudi shuleni nimefurahi nusu. Utafundishaje bila chaki? Nikamwambia Mzee Lubinza. Yeye akachukua kikombe, akachovya kidole kwenye maji, akaandika kwenye sakafu ya ofisi: 7 × 8. Saruji ikageuka nyeusi palipolowa. Ilisomeka vizuri kabisa.

Basi hivyo ndivyo tulivyofundisha. Kila mwanafunzi alikuwa na kopo la maji na kijiti kilichopondwa ncha. Walikaa kwenye makreti yaliyogeuzwa, nami niliandika sakafuni kwa brashi ya kupakia chokaa. Chini ya bati jipya, mchana wa ziwani, maji hayakai. Ukiandika hesabu ndefu, mwanzo wake unakauka kabla hujafika mwisho. Watoto wakalazimika kufikiri upesi na kushika vitu kichwani. Mwanafunzi mvivu hakuwa na jibu la jirani la kuchungulia, maana jibu la jirani limeshapotea. Masomo ya maelezo tuliyafanya kwa kusimulia na kuulizana, na daftari walizitumia magotini kwa yale ya lazima tu. Desimali tulifundishia kwenye mizani, tukimpima mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Asilimia tulifundishia kwa samaki wa Mama Kabula: wakala amekataa wangapi katika mia?

Mama Kabula alipotuona tunaingia siku ya kwanza, aliweka mikono kiunoni.

"Yaani mmenifuata mpaka jikoni!"

"Ulisema tukipata mahali tukuite, mama. Tumekuja kukuita."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa kama sauti yake. Akasema Kabula ataingia, lakini akae kwenye kreti la mwisho, jirani na jiko, ili akiitwa kugeuza samaki ageuze. Nikakubali. Wiki mbili za mwanzo alimwita kila mara. Halafu akawa anamwita mara chache. Halafu siku moja niliuliza darasa asilimia ishirini na tano ya samaki mia mbili ni samaki wangapi, watoto wakawa bado wanachovya vijiti vyao, sauti ikatoka upande wa pili wa mbao:

"Hamsini! Ah, watoto wa siku hizi, hamsini!"

Nilichungulia nje. Wanawake wote wa majiko yale walikuwa wamesogeza vigoda vyao karibu na ukuta.

Habari za darasa la kwenye samaki zilifika mbali. Mkaguzi akaja. Alikuwa mtu safi, mwenye viatu vyeusi na mkoba, na alisimama mlangoni akiwa amebana pumzi. Wanafunzi wakasimama, wakamwamkia. Akaingia kwa uangalifu, akatoa swali la sehemu kwenye mkoba wake, akamwita Kabula aje kulifanya sakafuni. Kabula akapiga magoti, akachovya, akaandika hatua zote mpaka jibu. Mkaguzi alikuwa anavaa miwani. Alipomaliza kuivaa, sakafu ilikuwa nyeupe.

"Jibu liko wapi?"

"Limekauka, mwalimu," akasema Kabula kwa adabu zote.

Nilidhani tumekwisha. Mkaguzi akamwambia arudie, na safari hii akainama naye, viatu vyake vyeusi kwenye saruji iliyolowa, akisoma hatua kwa hatua zikifutika nyuma ya kijiti. Akampa jingine gumu zaidi. Akamwita mwanafunzi mwingine, na mwingine. Alipoinuka, goti moja la suruali lilikuwa limelowa, na alikuwa anapumua kama kawaida, ameisahau harufu.

"Wanajua," aliniambia pembeni. "Wanajua vizuri. Lakini, mwalimu, mtihani wa taifa siwezi kuruhusu ufanyikie hapa. Lazima chumba chenye paa, madawati, mlango wa kufunga. Kama hakuna, wataufanyia ng'ambo ya ghuba, na mtajua wenyewe pa kuwalaza huko. Nisilaumiwe."

Alikuwa na haki. Alijibiwa na mtu mwingine, kutoka ukutani.

"Shida ni paa tu?" Mama Kabula aliingia, mafuta yakimeta mikononi. Wenzake walikuwa nyuma yake. "Mzee, shikamoo. Nauliza, mkipata paa, watoto wanafanyia hapahapa kijijini?"

"Marahaba. Ndiyo, mama. Wakipata paa."

"Haya. Nenda salama. Utalikuta."

Kesho yake asubuhi mitumbwi iliporudi na njaa zake, majiko yote ya mwalo wa Kabusuli yalikuwa baridi. Hakuna chai, hakuna chapati, hakuna samaki wa kukaanga. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mchanga, kanga mabegani, wanasukana. Wavuvi wakauliza kuna msiba wa nani.

"Hakuna msiba," akasema Mama Kabula. "Kuna mabati kwenye shamba la mihogo. Anayetaka kula akachukue bati moja, alifikishe shuleni, arudi. Bati moja, sahani moja."

Walidhani ni utani. Wakanuna, wakakaa. Mwili wa mtu aliyevuta nyavu tangu usiku hauwezi kubishana muda mrefu. Akaondoka mmoja, kijana, huku anatukana chini kwa chini. Akarudi, akapewa sahani imejaa, na akala mbele ya wenzake polepole kwa makusudi. Mchana huo njia ya kupanda shuleni ilijaa wanaume wenye mabati vichwani, waking'aa juani kama kundi la vioo. Hata Bwana Nizar alipanda na bati lake, gambuti na jasho, akidai sahani yake kama wengine. Mbao mpya za kenchi, badala ya zile za paa zilizovunjika, alizileta yeye kwa lori wakati linarudi tupu kutoka mjini.

Mafundi wa mitumbwi ndio waliochelewa kusalimu amri. Mzee wao alisema mabati yale yamejaa matundu, hayafai. Mama Kabula akamuuliza, "Mtumbwi wako ukiwa na tundu, unautupa?" Yule mzee akawaita vijana wake. Wakaja na nyundo zao, wakayanyoosha mabati juu ya magogo, na kila tundu la msumari wakaliziba kwa pamba na lami, vilevile kama wanavyoziba mbao za mtumbwi. Mzee Lubinza alishinda chini akiwashikilia ngazi, na jioni niliona lami kwenye suruali yake ya kaki. Hakuonekana kujali.

Siku ya mtihani mvua ilinyesha. Nilikuwa nje, siruhusiwi kuingia, nikitazama lile paa lenye mabaka meusi kama ng'ombe wa madoa. Somo la hesabu lilikuwa linaendelea ndani. Msimamizi aliyetoka wilayani alipotoka nilimkimbilia.

"Limevuja?"

"Nini?"

"Paa!"

"Ah, hapana," akasema, akishangaa. "Kwani huwa linavuja?"

Matokeo yalipotoka, Kabula alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari, na miaka ile kijiji chetu kilikuwa hakijazoea hilo. Leo ni mkunga, na nimewahi kumsikia akiwakemea waume za wajawazito kwa sauti ambayo naijua ilikotoka. Wengine hawakuchaguliwa. Wapo waliorudi kwenye boti, wapo waliofungua maduka, na mmoja ana gereji Buswelu na hunitengenezea baiskeli ya mjukuu wangu mdogo bure ingawa namkataza. Niwaambie ukweli, wote hao niliwafundisha, si wale wa sekondari tu.

Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko matokeo kilitokea juma lile lile la mtihani. Banda lilikuwa limerudishiwa samaki wake, sisi tumerudi juu shuleni, nami nilishuka mwaloni kununua kitoweo. Mama Kabula hakunipokea kwa kicheko chake.

"Mwalimu, mmeondoka tu hivi?"

"Mtihani umekwisha, mama. Watoto wamemaliza."

"Watoto wamemaliza. Na sisi?" Akaonyesha wenzake kwa mwiko. "Tulikuwa tumefika kwenye asilimia, tumeanza kuelewa, mkahama. Kusoma wengine hatujui hata herufi moja. Tumesikiliza tu ukutani. Utatuacha katikati?"

Nilisema nitafikiri. Nilikuwa nimechoka, na mshahara wa miaka ile haukumsukuma mtu kutafuta kazi ya ziada. Msidhani mwalimu haichoki shule. Nilimweleza Mzee Lubinza nikitegemea aseme pumzika kwanza. Akaniambia, "Bwana Nizar nimeshamwomba. Nenda kesho mchana."

Nikaenda. Walikuwa ndani, wamekaa juu ya makreti, wamejipanga wenyewe, wafupi mbele na warefu nyuma, kanga safi zote. Nilipokanyaga kizingiti wakasimama kwa pamoja, na wote wakatamka kwa sauti ya kuimba, kama darasa la kwanza:

"Shi-ka-moo, mwa-li-mu!"

Mmoja wao, bibi aliyekuwa anauza dagaa, alikuwa mkubwa kuliko mama yangu aliyenizaa. Nilisimama pale mlangoni nimeshika brashi yangu, machozi yananilenga na kicheko kinanibana, nisijue mtu anamjibuje bibi kama yule.

"Itikia basi, mwalimu, tuanze," akasema Mama Kabula. "Nimeacha moto."